Kalamu na Taji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Waandishi na Watawala wa Uingereza na Ufaransa

Maswali haya hutoka zaidi kwa wanafunzi wa fasihi, na kwa watu waliotazama filamu za kifalme wakabaki wakijiuliza lipi la kweli na lipi limetiwa chumvi. Yamewekwa kadiri yanavyoulizwa, si kwa kufuata karne. Jambo moja litajirudia humu: kwa miaka mingi mwandishi wa nchi hizi mbili hakula kwa wasomaji wake, alikula kwa mwenye taji. Na mwenye taji naye alijua kwamba sifa yake itabaki au itapotea kwa wino wa mtu huyo.

Kwa nini kila nikisoma habari za mwandishi wa zamani wa huko nakutana na mfalme?

Kwa sababu ya riziki. Sheria ya kwanza ya Uingereza iliyomtambua mtunzi kuwa mwenye haki juu ya kitabu chake ilianza kutumika mwaka 1710. Ufaransa ilisubiri hadi wakati wa mapinduzi, mwaka 1793. Kabla ya hapo mtunzi aliuza muswada kwa mchapaji, na biashara ikaishia hapo. John Milton alipouza utenzi wake mkubwa juu ya kuanguka kwa Adamu na Hawa, mwaka 1667, alipewa pauni 5 mkononi na ahadi ya nyingine 5 toleo la kwanza likishauzwa. Hata enzi zile, fedha hiyo haikulea familia.

Mtazame Geoffrey Chaucer. Alizaliwa katika nyumba ya wauza mvinyo wa London, akaingia utumishi wa kifalme angali kijana, akatekwa vitani Ufaransa, na mwaka 1360 Mfalme Edward wa Tatu akachangia pauni 16 za kumkomboa. Mwaka 1374 mfalme huyohuyo akamwandikia mtungi wa mvinyo kila siku, na kabla mwaka haujaisha akamweka kuwa msimamizi wa ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Zile hadithi za mahujaji waendao Canterbury ziliandikwa na mtumishi wa serikali. Hata kaburi lake ndani ya Westminster Abbey hakulipata kwa mashairi. Alizikwa pale mwaka 1400 akiwa mtumishi wa mfalme aliyepanga nyumba kwenye kiwanja cha abasia. Washairi wengine walianza kuzikwa jirani naye baadaye sana, mpaka upande ule ukaitwa Pembe ya Washairi.

Mbona nembo ya watawala wa Uingereza ina maneno ya Kifaransa?

Kwa sababu mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akashinda vita vya Hastings, akaketi kwenye kiti cha Uingereza pamoja na watu wake waliosema Kifaransa. Kwa takriban karne tatu Kifaransa kikawa lugha ya kasri na ya mahakama, Kilatini kikawa cha kanisa, na Kiingereza kikabaki kwa wachunga ng'ombe. Alama yake ipo mezani hadi leo: mnyama akiwa zizini Mwingereza humwita kwa neno la asili, cow, lakini akishapikwa anakuwa beef, neno lililotoka kwa Wafaransa waliokuwa wakimla.

Ndiyo maana nembo inasema "Dieu et mon droit", yaani Mungu na haki yangu. Na ndiyo maana bungeni London, muswada unapopata ridhaa ya mfalme, karani hutamka Kifaransa cha kale: "Le Roy le veult", mfalme ataka. Ukitaka kucheka zaidi, kumbuka kwamba wafalme wa Uingereza walijiita pia wafalme wa Ufaransa tangu Edward wa Tatu mwaka 1340, wakaendelea kujiita hivyo hadi mwanzo wa 1801. Wakati huo Ufaransa yenyewe ilikuwa imekwisha kumkata kichwa mfalme wake na haikuwa na kiti cha kugombea.

Je, kuna mtu aliyewahi kuwa malkia wa nchi zote mbili?

Eleanor wa Aquitaine. Aliolewa na Louis wa Saba wa Ufaransa mwaka 1137, ndoa ikavunjwa 1152, na baada ya majuma machache tu akaolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye akawa Henry wa Pili wa Uingereza. Aliwaunga mkono wanawe walipomwasi baba yao, mumewe akamfunga kwa zaidi ya miaka 15, naye akaishi kumzika mume huyo. Wanawe wawili, Richard na John, walikuja kutawala. Upande wa kalamu hakuwa mgeni: babu yake, William wa Tisa wa Aquitaine, ndiye wa kwanza kati ya washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa ambao kazi zao zimetufikia.

Nimesikia kuna mwanamfalme aliyekuwa malenga akiwa mfungwa. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndiye mtu anayestahili kujulikana kuliko wengi wanaotajwa kila siku. Ni Charles, Mtemi wa Orléans, mpwa wa mfalme wa Ufaransa Charles wa Sita. Tarehe 25 Oktoba 1415, akiwa hajatimiza miaka 21, alikuwa Agincourt siku Waingereza walipoyavunja majeshi ya Ufaransa. Alivutwa akiwa hai kutoka chini ya rundo la maiti, akapelekwa Uingereza. Mateka wa kawaida alikombolewa kwa fedha akaenda zake. Huyu alikuwa karibu mno na kiti cha ufalme, na mfalme wa Uingereza, Henry wa Tano, hakutaka arudi kuwaongoza Wafaransa. Akakaa miaka 25, akihamishwa kutoka ngome hii hadi ile.

Alipoingia alikuwa kijana mwenye mke. Mke alifia Ufaransa bila kumwona tena. Mikononi alibaki na muda na karatasi. Akatunga mashairi mafupi ya mapenzi, huzuni na kungoja, na lugha ya waliomteka akaijua vizuri kiasi kwamba wataalamu wengi humhesabia pia diwani nzima ya Kiingereza. Aliachiwa mwaka 1440, akatulia katika ngome yake ya Blois na kuigeuza baraza la washairi. Alitoa mstari, wageni wakatakiwa kuuendeleza, kama wafanyavyo malenga wa pwani katika kujibizana. Mstari mmoja ulisema: nakufa kwa kiu kando ya chemchemi.

Kati ya walioujibu alikuwamo François Villon, msomi wa Paris, mwizi, aliyewahi kumuua kasisi katika ugomvi. Mwanamfalme na mhalifu wakatumia mstari mmoja, na shairi la mhalifu ndilo linalosomwa zaidi leo. Villon alihukumiwa kunyongwa. Januari 1463 hukumu ikabadilishwa kuwa kufukuzwa Paris kwa miaka 10. Tangu siku hiyo hakuna habari yake tena. Charles yeye alifariki 1465, akiacha mtoto mdogo wa kiume aliyekuja kuwa Mfalme Louis wa Kumi na Mbili.

Wanawake walikuwa wapi katika haya yote?

Walikuwapo, ila shule huwaruka. Christine de Pizan alizaliwa Venice mwaka 1364, akaletwa Paris na baba yake aliyekuwa tabibu na mnajimu wa Charles wa Tano. Akiwa na miaka 25 alifiwa na mume, akiwa na watoto, mama na madeni. Akaishi kwa kuandika, akiwatungia malkia na watemi, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza Ulaya anayejulikana kuishi kwa kalamu. Mwaka 1429 alitunga shairi la kumsifu Jeanne d'Arc, msichana wa kijijini aliyeongoza jeshi la mfalme wa Ufaransa, wakati msichana mwenyewe yu hai, miaka miwili kabla Waingereza hawajamchoma moto Rouen.

Marguerite wa Navarre, dada wa Mfalme François wa Kwanza, aliandika mkusanyo wa hadithi uliochapwa baada ya kifo chake. Na Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alikuwa mfasiri kwa mkono wake: mwaka 1593, akiwa na miaka 60, aliketi akatafsiri kitabu cha mwanafalsafa Boethius kutoka Kilatini.

Henry wa Nane alikuwa mwandishi, au ni mtu wa wake sita tu?

Alikuwa mwandishi pia. Mwaka 1521 alitoa kitabu cha Kilatini kumpinga Martin Luther, na Papa Leo wa Kumi akafurahi, akampa cheo cha Mtetezi wa Imani. Miaka 13 baadaye Henry huyohuyo alijitenga na Roma kwa sababu ya ndoa, lakini cheo hakukirudisha. Herufi F na D, ufupisho wake kwa Kilatini, zimo kwenye sarafu za Uingereza hadi leo.

Waandishi waliomzunguka hawakuwa na bahati yake. Thomas More, aliyebuni nchi ya Utopia mwaka 1516 na aliyesaidia kukipanga kitabu cha mfalme, alikataa kula kiapo cha kumtambua Henry kuwa mkuu wa kanisa. Akakatwa kichwa Julai 1535. Henry Howard, Mtemi wa Surrey, alikatwa kichwa Januari 1547, siku tisa tu kabla mfalme mwenyewe hajafa. Surrey ndiye aliyeanzisha katika Kiingereza mistari yenye mizani isiyo na vina, ambayo malenga wa kwetu wangeiita guni. Shakespeare aliijengea tamthilia zake.

Je, Shakespeare alikuwa mwandishi wa serikali?

Hakuajiriwa na serikali, lakini alijua nyumba ni ya nani. Tangu 1603 kundi lake la waigizaji liliitwa Watu wa Mfalme, chini ya ufadhili wa James wa Kwanza. Soma tamthilia zake za wafalme ukiwa na swali moja mkononi: nani alikuwa akitawala?

Richard wa Tatu aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485, na aliyemshinda alikuwa Henry wa Saba, babu yake Elizabeth wa Kwanza. Akiandika chini ya Elizabeth, Shakespeare akamchora Richard kuwa kibiongo mwenye mkono uliokauka na roho nyeusi kuliko mkono. Mwaka 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, lakini mkono ulikuwa mzima. Sifa ya roho yake haichimbuki.

Macbeth halisi alitawala Uskoti miaka 17, kuanzia 1040, muda ambao mnyang'anyi asiye na uungwaji mkono hadumu. Katika kitabu cha historia alichokitumia Shakespeare, Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, alishiriki njama ya kumuua mfalme aliyemtangulia. Ila James wa Kwanza aliamini ukoo wake umetoka kwa Banquo, basi jukwaani Banquo akawa mtu safi. Wapwani hawatashangaa: Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alijua mashairi yake yamesimama upande wa Mazrui.

Mara moja mambo yalitaka kuharibika. Februari 1601 wafuasi wa Mtemi wa Essex waliwalipa waigizaji wa kundi hilo shilingi 40 zaidi ya kawaida waonyeshe tamthilia ya Richard wa Pili, mfalme anayevuliwa taji. Kesho yake Essex akaasi mjini London, akashindwa. Waigizaji walihojiwa wakaachwa. Tarehe 24 walicheza mbele ya malkia; tarehe 25 Essex akakatwa kichwa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili ipo habari inayogeuza mambo juu chini. Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa rais. Mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara wa Shakespeare akawa bepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hapo taji ndilo lililoketi kuitumikia kalamu, ingawa halikuacha siasa zake mlangoni.

Lakini ni kweli Shakespeare ndiye aliyeandika tamthilia zile?

Ndiyo. Waigizaji wenzake wawili walizikusanya tamthilia 36 kwa jina lake mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Nusu yake hazikuwa zimewahi kuchapwa. Wasiosadiki kwa kawaida hushindwa kukubali kwamba mtoto wa fundi wa glavu angeweza.

Louis wa Kumi na Nne alimlinda Molière kweli?

Alimlinda, kwa kipimo chake. Molière, jina lake la nyumbani Jean-Baptiste Poquelin, alikuwa mtoto wa fundi wa samani na mapazia wa mfalme, akaiacha kazi ya baba akafuata uigizaji. Februari 1664 Louis alikubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Mei mwaka huohuo Molière akaonyesha Versailles mchezo wa Tartuffe, juu ya mtu anayejifanya mcha Mungu ili ale nyumba ya mwenzake. Mfalme, husemwa, alifurahi. Wacha Mungu waliojiona humo wakapiga kelele, na mfalme akaupiga marufuku. Alipojaribu tena 1667, askofu mkuu wa Paris alitishia kuwatenga na kanisa watakaoutazama. Ruhusa ikaja Februari 1669, na watu wakajaa ukumbini.

Tarehe 17 Februari 1673 Molière alikuwa jukwaani akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa. Alikuwa mgonjwa kwelikweli. Alimaliza onyesho, akapelekwa nyumbani, akafa usiku ule. Kanisa halikuwazika waigizaji kwa heshima mpaka waikane kazi yao. Mjane alikwenda kwa mfalme kumlilia, na kilichopatikana ni mazishi ya usiku bila shamrashamra. Akademia ya Kifaransa yenye viti 40, iliyoundwa na Kardinali Richelieu mwaka 1635, haikumchukua kamwe. Mwaka 1778 iliweka sanamu yake na kuandika kwamba sifa zake hazikupungukiwa na kitu, ila sifa za Akademia zilipungukiwa naye. Ungamo zuri, limechelewa karne nzima.

Na La Fontaine wa zile ngano za wanyama?

Mfadhili wake alikuwa Nicolas Fouquet, waziri wa fedha aliyefanya kosa la kumkaribisha mfalme karamu ya fahari kupita kiasi, Agosti 1661. Majuma matatu baadaye akakamatwa, akafia gerezani. La Fontaine alimtetea kwa mashairi na Louis hakumsahau: alipochaguliwa kuingia Akademia mwaka 1683, mfalme alichelewesha idhini hadi mwaka uliofuata. Ngano zenyewe zina simba mfalme na wanyama wa kasri wanaomsifu, kila msomaji ajaze majina. Katika mkusanyo wake wa pili alikiri kwamba nyingi amezitoa kwa Pilpay wa India, yaani chemchemi ileile ya Kalila na Dimna, iliyotupa sisi kisa cha kima, papa na punda wa dobi.

Marie Antoinette alisema watu wakikosa mkate wale keki?

Hakuna ushahidi. Mwanafalsafa Rousseau aliandika kauli hiyo katika kumbukumbu za maisha yake, akisema tu kwamba ni ya binti mmoja mkubwa wa kifalme, wakati Marie Antoinette alikuwa bado mtoto Vienna. Alifika Ufaransa 1770, akiwa na miaka 14. Isitoshe kilichotajwa ni brioche, mkate wa siagi na mayai, si keki. "Dola ni mimi" ya Louis wa Kumi na Nne nayo haina shahidi wa wakati wake.

Louis wa Kumi na Saba yuko wapi? Orodha inaruka kutoka 16 kwenda 18.

Ni mtoto wa Louis wa Kumi na Sita. Baba alipokatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, wafuasi wa ufalme walimhesabu mtoto kuwa mfalme, naye yumo kifungoni. Alifia humo 1795, ana miaka 10.

Voltaire alijifunza nini Uingereza?

Kwanza mwandishi huyu Mfaransa alijifunza Bastille, gereza la Paris. Alifungwa humo miezi 11, kuanzia 1717, kwa mashairi ya kumkejeli aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto. Mwaka 1726 aligombana na kabaila mmoja. Kabaila akatuma watumishi wampige, na aliyefungwa ni Voltaire. Aliachiwa kwa sharti la kuondoka. London, mwaka 1727, aliona Isaac Newton akizikwa Westminster Abbey kwa heshima ambazo kwao walipewa watu wa damu ya kifalme. Hakuisahau picha hiyo. Alipoandika barua zake juu ya Waingereza, bunge la kimahakama la Paris liliamuru kitabu kichomwe, mwaka 1734.

Je, ni kweli Alexandre Dumas alikuwa na asili ya Afrika?

Ndiyo. Bibi yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa katika koloni la Saint-Domingue, Haiti ya leo. Babu alikuwa kabaila Mfaransa. Mtoto wao alipojiunga na jeshi alichukua jina la mama, Dumas, akapanda hadi cheo cha jenerali. Mwandishi alizaliwa mwaka 1802 Villers-Cotterêts, mji uleule ambako François wa Kwanza alitia saini amri ya 1539 ya kutaka nyaraka za sheria ziandikwe kwa Kifaransa. Alianza maisha Paris akiwa karani mwenye mwandiko mzuri katika ofisi ya Mtemi wa Orléans, aliyekuja kuwa Mfalme Louis-Philippe. Ngozi yake ilimletea kejeli maisha yake yote. Mwaka 2002 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, jumba la Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa, jeneza likifunikwa kitambaa cha buluu chenye kiapo cha wapiganaji wa riwaya yake: mmoja kwa wote, wote kwa mmoja.

Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Hili hutoka Moshi na Taveta kila mwaka. Hapana. Mpaka ulipangwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886: mstari uliotoka mdomo wa mto Umba ukapindishwa upande wa kaskazini wa mlima, Wajerumani wakabaki na Kilimanjaro na Waingereza wakabaki na Mombasa. Mjukuu, Wilhelm, hakuwa hata mfalme bado. Alikalia kiti 1888. Wenyeji wa mlima, bila shaka, hakuna aliyewauliza.

Victoria mwenyewe alikuwa mwandishi. Alichapisha kurasa za shajara yake ya Uskoti mwaka 1868. Miaka miwili baadaye, Machi 1870, alimkaribisha Charles Dickens. Kwa desturi ya kasri Dickens, aliyekuwa mgonjwa, alizungumza akiwa amesimama. Alifariki Juni mwaka huo.

Je, bado kuna mshairi wa mfalme leo?

Uingereza ndiyo. Cheo hicho kilitolewa rasmi kwa John Dryden mwaka 1668, na tangu 2019 kimeshikwa na Simon Armitage. Mwanamke wa kwanza alikuwa Carol Ann Duffy, 2009. Ufaransa haina mfalme, lakini ina Akademia ileile ya Richelieu, ambayo mwaka 1983 ilimchagua Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyekuwa rais wa Senegal, Mwafrika wa kwanza kuketi humo.

Malipo ya mshairi wa Uingereza tangu zamani yalikuwa fedha kidogo na pipa la mvinyo. Henry Pye, aliyeteuliwa 1790 na ambaye mashairi yake hayasomwi na mtu, aliomba apewe pauni 27 badala ya pipa. Chaucer naye, zaidi ya karne nne kabla yake, mtungi wake wa kila siku uliishia kubadilishwa kuwa fedha. Siku hizi pipa limerudi, la sheri, mvinyo mkali kutoka Hispania.